Watu 18, siku 4 Matema: jibu kwa mama wa Mwanjelwa

Swali: Tunaishi Mwanjelwa, Mbeya. Likizo ya mwezi wa 6 tumekubaliana kwenda Matema, Ziwa Nyasa, kwa siku 4. Tutakuwa 18: sisi, familia ya shemeji yangu inayotoka Iringa, familia moja ya marafiki, na mama mkwe ambaye ameshavuka miaka 70. Watoto ni 8, wawili hawajafika miaka 3, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea vizuri. Naogopa maji, naogopa malaria na kichocho, na kusema kweli naogopa pia ugomvi wa michango. Nianzie wapi? Na mama mkwe ambaye hataingia majini atafanya nini muda wote huo?

Jibu: Dada, anzia kwenye kalenda. Ondokeni Alhamisi, mrudi Jumapili. Ijumaa ufuko unakuwa na nafasi kabla wageni wa wikiendi hawajamiminika, na Jumamosi ni siku ya mnada wa vyungu Lyulilo, kijiji jirani na Matema, ambao ndio jibu la swali lako la mwisho. Nitaufikia.

Mwezi wenyewe mmechagua vizuri. Mvua za Kyela, ambazo Aprili na Mei humwagika kama haziishi, zinakuwa zimepungua. Mpunga unavunwa. Watoto wanaotetemeka kwa baridi ya Mbeya na Iringa watakuta joto, kwa kuwa ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ubaya wa mwezi wa 6 ni mmoja, nao ni mwera, upepo wa kusini. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 toka kusini hadi kaskazini, na Matema ipo kwenye ncha yake ya kaskazini kabisa. Wimbi linaloanzia mbali huko linakua njia nzima na kuja kupasukia miguuni penu, hata kama mbingu ni nyeupe na jua linawaka. Mwera ukishaanza unaweza kukaa siku 2 au 3 mfululizo. Kwa hiyo usiwaahidi watoto kwamba wataogelea kila siku. Beba mpira, karata, bao na kamba ya kurukia, na hesabu kwamba siku moja kati ya zile nne huenda ikapita bila mtu kulowa.

Ndugu wa Iringa wasijaribu kuunganisha safari yote kwa siku moja. Walale Mbeya Jumatano, ninyi nyote muondoke Uyole saa 12 asubuhi. Kutoka Uyole barabara inapanda hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000, mara nyingi ndani ya ukungu, halafu inapita Kiwira na Tukuyu na kuteremka mpaka Kikusya. Hapo mnaiacha barabara ya Kyela mjini na kushika ya Ipinda hadi Matema, lami ya kilomita 39 hivi. Kwa mwendo wa kistaarabu ni saa 3 hadi 4, pamoja na kusimama Tukuyu kununua ndizi na maparachichi.

Kwa watu 18 ningekodi Coaster moja yenye dereva aliyezoea njia hiyo kuliko kujibana kwenye Noah mbili zenye mizigo juu ya keria. Kinachoharibu safari hii ni mteremko. Gari lililojaa watu linashuka zaidi ya mita 1,500 kwa safari moja, na dereva anayetegemea breki tupu atazichemsha kabla ya kufika bondeni. Mwambie mapema, kwa heshima lakini bila kumumunya: ateremke na gia ileile ambayo angepandia, na asitoe gia kuokoa mafuta. Mkisikia harufu ya kitu kinachoungua, simameni dakika 30, wala msimwagie tairi maji ya baridi. Watoto wanaotapika wakae mbele na wale kitu kikavu kidogo kabla ya kuondoka. Hao wadogo wawili wanyonyeshwe au wapewe maji wakati wa kushuka, kwa sababu masikio yanaziba na kumeza kunayazibua.

Nyumba za wageni pale zipo za aina mbalimbali, zikiwemo za kanisa la KKKT, na zote zinajaa haraka wakati wa likizo. Kabla ya kutuma malipo ya awali uliza mambo manne: madirisha yana wavu mzima? Kila kitanda kina chandarua? Mnaruhusiwa kujipikia? Maji ya kuogea yanatoka wapi, kisimani, bombani au ziwani moja kwa moja? Jibu la swali la nne litakuwa na maana tukifika kwenye kichocho. Hata wakikuambia vyandarua vipo, beba vyenu vinne au vitano vyenye dawa, pamoja na kamba na misumari. Chandarua cha nyumba ya wageni huwa na tundu moja tu, na mbu wanalifahamu.

Sasa maji, ambayo kwa haki umeyataja kwanza.

Hatari kubwa kwa kundi kama lenu ni kuwa na watu wazima wengi ufukweni. Watu 10 wanaokaa kwenye mkeka wakipiga soga, kila mmoja anaamini mwingine anawaangalia watoto. Na mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama watu wanavyodhani. Anasimama wima majini, mdomo unachungulia na kuzama, mikono inakandamiza maji pembeni, hatoi sauti kwa kuwa pumzi yote inatafuta hewa. Inaweza kuisha chini ya dakika moja, mita 5 kutoka kwenye mkeka wenu.

Kwa hiyo fanyeni zamu. Tafuteni kitambaa chekundu, mwenye zamu akifunge begani. Huyo hashiki simu, hachomi samaki, hanywi bia, hata akiitwa na mama mkwe haendi. Zamu ni dakika 20, maana zaidi ya hapo macho yanachoka. Anayepokea anahesabu vichwa kwa sauti, "Watoto wanane, nimepokea," ndipo kitambaa kinahama. Kama hesabu haitimii, wote wanatoka majini kwanza, kutafuta baadaye. Wale wadogo wawili hawaingii kwenye hesabu ya kitambaa peke yake: kila mmoja anakuwa na mtu mzima wake aliye umbali wa mkono, hata kama maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu.

Chagueni eneo na muweke mipaka inayoonekana. Chomekeni fito mbili mchangani, mita 20 kutoka moja hadi nyingine, mfunge khanga juu yake, na watoto wasivuke. Kina kisizidi kitovu cha mtoto mwenyewe. Ufuko wa Matema ni mchanga mrefu mzuri, lakini haufanani kote. Kadiri mnavyosogea kwenye mawe, chini ya Milima ya Livingstone, kina kinaongezeka ghafla. Ukuta ule wa milima ni ukingo wa Bonde la Ufa, na haukomi kwenye maji, unaendelea kushuka chini yake, katika ziwa ambalo sehemu zake za ndani kabisa hufika mita 700 hivi. Mtoto anapiga hatua tatu kwenye kina cha goti, ya nne haina sakafu. Na kwenye mdomo wa Mto Lufilyo, au mto mwingine wowote, msiende kuogelea kabisa kwa sababu ya mamba. Waulizeni wavuvi wa pale wenyewe wanaogea wapi na wapi hawagusi. Ni maelezo ya bure, na hakuna bora kuliko hayo.

Saa za kuogelea ni saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Ziwa mara nyingi huwa limetulia muda huo, na ipo sababu ya pili nitakayoieleza chini. Lakini utulivu wa asubuhi una mtego wake: upepo mwepesi unaotoka milimani huvuma kuelekea ziwani. Mtoto aliyelala juu ya tyubu ya gari hauhisi, na baada ya dakika 10 yuko mita 60 ndani. Tyubu na maboya ya kupuliza yafungwe kamba ya mita 10 inayoshikwa na mtu mzima aliyesimama, au yaachwe Mbeya. Ningeyaacha Mbeya. Mchana wimbi likipanda mpaka linamwangusha mtu mzima aliyesimama kwenye kina cha magoti, siku hiyo maji yamefungwa. Maji yanayopanda ufukweni kwa nguvu hurudi ziwani kwa mkondo mwembamba, nao ndio unaobeba watu. Aliyebebwa asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee kando, sambamba na ufuko, mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi.

Msitegemee kukuta mwokoaji wa kulipwa. Tengenezeni chombo chenu: dumu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana, ndani maji ya kikombe kimoja ili liwe na uzito wa kurushwa, na kamba ya manila mita 15 imefungwa mpinini. Hewa iliyomo inatosha kukishikilia kichwa cha mtu juu ya maji. Anayezama anarushiwa dumu, harukiwi, kwa sababu mtu asiyejua kuokoa akimfuata mwenzake huwa wanazama wawili. Mkimtoa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumbinya tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, mpeni pumzi 5 za mdomo, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, mara 30 na pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akiandaa gari. Matema kuna hospitali. Hata akizinduka na kuanza kucheka apelekwe, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Malaria na kichocho vina tabia moja inayowapoteza wengi: havionekani mkiwa likizo. Safari yenu ya siku 4 itawadai kumbukumbu kwa miezi miwili.

Kyela ina malaria nyingi, na watoto waliokulia kwenye baridi ya Mbeya na Iringa hawana kinga ambayo wenzao wa Matema wameipata kwa kuumwa mara kwa mara. Mbu wa malaria wanauma usiku, hivyo kuanzia saa 12 jioni ni suruali, mikono mirefu na dawa ya kupaka, na wadogo wanaingia chandaruani mapema. Kama kati yenu kuna mjamzito, aonane na daktari wiki mbili kabla kuulizia dawa ya kinga, na hao wawili wa chini ya miaka 3 vilevile. Vimelea vinahitaji takribani siku 7 au zaidi mwilini kabla ya homa. Homa ya siku ya pili ufukweni kwa kawaida ni kitu kingine, jua au tumbo, ila ipimwe. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ya wiki ya pili mkiwa mmesharudi, hasa kwa ndugu wa Iringa, maana huko watu huwaza mafua kwanza. Homa yoyote ndani ya wiki 4 hadi 6 baada ya safari, nendeni kituoni siku hiyohiyo na mtamke: "Tulikuwa Kyela." Wakipewa dawa mseto wamalize dozi ya siku 3, kila mara pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Kichocho kinaletwa na konokono wadogo wa majini wanaotoa viluwiluwi vya minyoo visivyoonekana kwa macho, na viluwiluwi hivyo hupenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia mnamo saa 4 asubuhi hadi alasiri. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuogelea mapema. Mchanga wazi unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko maji yaliyotulia yenye matete, mifereji ya mashamba ya mpunga na sehemu wanapofulia watu. Ndogo, lakini haijafika sifuri. Mkitoka majini jifuteni kwa taulo kwa nguvu papo hapo, inasaidia kiasi. Maji ya kuoga yanayochotwa ziwani yakae kwenye ndoo zilizofunikwa siku 2 bila konokono ndani, viluwiluwi hufa vyenyewe, au yachemshwe.

Kosa la kawaida ni kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ya kurudi nyumbani. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inanusurika na kuendelea kukua. Wote walioingia majini wapimwe wiki 6 hadi 8 baadaye, yaani kama mmekwenda katikati ya Juni, ni mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti. Dozi inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na mhudumu wa afya ndiye anayepanga. Mkojo wenye damu kabla ya hapo usisubiri tarehe.

Chakula nitakipitia haraka. Nyama kutoka Mbeya acheni, joto litaiharibu. Bebeni viazi, vitunguu, karoti, maharage yaliyokwisha kuchemshwa nusu, na mafuta. Samaki mtanunua asubuhi mitumbwi inapoingia: mbasa akipatikana, magege kwa kuchoma, usipa kwa kukaanga. Kwa kundi lenu samaki wazima kilo 5 kwa mlo mmoja wanatosha. Mchele nunueni Ipinda njiani. Watu wazima 10 kwa gramu 150 na watoto 8 kwa gramu 100 ni kilo 2.3, basi kilo 10 kwa milo minne. Angalizo kwa mpishi: mchele wa Juni ni mpya, haunywi maji kama ule wa dukani. Kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 1½ vya maji. Ukiweka 2 utapata bokoboko, na lawama utabeba wewe, si mchele. Maji ya kunywa hesabu lita 3 kwa mtu mzima na 1.5 kwa mtoto, yaani lita 42 kwa siku, madumu mawili ya lita 20 na chupa. Jiko la gesi likizingirwa na kipande cha bati halitazimwa na upepo.

Michango inagombanisha watu pale kila kitu kinapotupwa kwenye kapu moja. Tenganisheni matatu. Usafiri ugawanywe kwa viti, na watu wa Iringa wasilipie kiti wasichokalia ikiwa wanakuja na gari lao. Malazi yagawanywe kwa vyumba. Chakula kigawanywe kwa mafungu: mtu mzima fungu 1, mtoto wa miaka 3 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwenu inakuwa 10, jumlisha watoto 6 kwa nusu ambao ni 3, jumla mafungu 13. Bajeti ya chakula gawanya kwa 13, ongeza asilimia 10 ya dharura, ikibaki irudishwe Jumapili kabla ya kupanda gari. Mama mkwe hachangi. Fungu lake wanabeba wanawe, nusu kwa nusu, na jambo hilo waelewane wenyewe kabla hata hujatangaza kiasi. Bia na soda za ziada kila mtu mfukoni mwake. Mtunza fedha asiwe wewe uliyeleta wazo, wala shemeji, bali mmoja wa marafiki, kwa sababu ndugu hawamhoji rafiki wa familia kwa ukali wanaohojiana wenyewe. Tarehe ya mwisho iwe wiki 3 kabla, na itajwe wazi kwamba malipo ya awali ya vyumba hayarudi.

Mama mkwe mpatie kiti chenye mgongo chini ya mti, dawa zake za kila siku zikiwa kwenye mkoba wa mkononi na si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari, na Jumamosi asubuhi mpelekeni Lyulilo kwa gari hadi karibu kabisa mnavyoweza. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vya jirani huleta vyungu vyao hapo kwa mitumbwi, na mama wa umri wake atajua kuchagua kuliko ninyi nyote. Vijana wakitaka kwenda Ikombe kwa mtumbwi, iwe asubuhi, ziwa likiwa shwari, kila mmoja na jaketi okozi lililofungwa mpaka mwisho. Mwinueni mtoto kwa kulishika jaketi mabegani: likimtoka kichwani ni kubwa kwake, abaki.

Chungu kigongwe kwa kifundo cha kidole. Kikitoa mlio mkali ni kizima, kikitoa mlio mzito kina ufa hata kama hauonekani. Kujazwa maji na kutoa jasho kidogo nje si kasoro. Kwa safari jazeni ndani na katikati yake majani makavu ya mgomba, mviweke sakafuni chini ya viti vya nyuma, kwa kuwa kwenye keria havitaimaliza milima ya Tukuyu.